Burkitt: Mpasuaji aliyechungulia dirishani Jinja

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

WAZAZI wa Kanda ya Ziwa wanaofikisha watoto wenye uvimbe wa taya Hospitali ya Bugando jijini hapa hulisikia jina la saratani ya Burkitt, lakini wachache wanafahamu kuwa mwenye jina hilo alifanya kazi ng'ambo ya ziwa hili hili.

Denis Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, Ireland, na akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia kwa ajali. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuja Uganda kuwa daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa Hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Mmoja angesahaulika, wawili walimfanya apekue kumbukumbu za hospitali.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka mashariki na kusini mwa Afrika kwa gari kuukuu aina ya Ford, wiki 10, maili 10,000, kwa gharama isiyofika pauni 700. Walibaini kuwa ugonjwa hufuata joto na mvua, na katika ukanda wa Ikweta hauonekani sana juu ya mita 1,500. Ziwa Victoria lipo mita 1,134 hivi. Ilikuwa ni ramani ya malaria.

Miezi kadhaa kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani ya kuku, kazi ambayo mlipa kodi yeyote angehoji faida yake.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alipokea sampuli kutoka Kampala bila kuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliilazimu ndege kutua Manchester. Sampuli ikachelewa, maji yake yakawa machafu kana kwamba yameoza. Badala ya kuimwaga, aliitia kwenye hadubini, akakuta chembe hai za saratani zikielea. Zilioteshwa, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Wakati huo Burkitt, ambaye Kampala hakuwa na mashine ya mionzi, alikuwa akijaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu.

Suala la malaria halikwisha kirahisi. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini. Saratani ilipungua, ila ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya vidonge.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki Machi 23, 1993. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa virusi hivyo hivyo ndivyo chanzo kikuu cha ugonjwa unaoharibu mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo.