Abu Ubayda (R.A.) na Tauni ya Amwas



Tangu UVIKO-19 ulipofunga misikiti na mipaka ya nchi nyingi mwaka 2020, tumesikia mabishano mengi juu ya wajibu wa watawala yanapozuka maradhi ya kuambukiza. Mjadala huo ulikwishafanyika mbele ya Khalifa Umar bin Khattab (R.A.), na aliyempinga ndiye huyu tunayesimulia maisha yake leo.

Jina lake hasa ni Amir bin Abdullah bin Jarrah, Mkureishi, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Mtume (S.A.W.) alimwita mwaminifu wa umma huu. Katika vita vya Uhud alizing'oa kwa meno pete mbili za chuma zilizozama katika shavu la Mtume (S.A.W.), akapoteza meno yake mawili ya mbele. Umar alimkabidhi uongozi wa majeshi ya Sham.

Khalifa alipokuwa njiani kwenda huko, Abu Ubayda alimpokea mahali paitwapo Sargh na kumpasha habari ya tauni. Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Answari, nao vivyo hivyo. Wazee wa Kikureishi ndio waliotoa kauli moja, kwamba arudi na watu wake. Alipotangaza kurejea, Abu Ubayda akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah. Umar, ambaye hakupenda kuhitilafiana naye, alijibu kuwa anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine, kama mchunga ngamia anayechagua baina ya bonde lenye malisho na bonde kame. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) na hadithi iliyomaliza shauri: tauni ikisikiwa katika nchi isiingiwe, na ikiwakuta watu ndani yake wasitoke kwa kuikimbia.

Khalifa alishika upande wa kwanza wa hadithi hiyo. Upande wa pili, ulio mzito zaidi kwa maoni yetu, ulimwangukia Abu Ubayda. Umar alimwandikia aende Madina upesi, kuna haja naye. Abu Ubayda aliifahamu haja hiyo, akaomba udhuru: hakutaka kujiokoa na kuwaacha askari wake. Umar alipoisoma barua alilia, hata waliokuwapo wakadhani mwenziwe amekwishafariki. Akamwandikia tena awahamishe watu kutoka ardhi yenye unyevu hadi palipoinuka. Agizo hilo Abu Ubayda alilikubali, lakini tauni ilimpata, akafariki mwaka 18 Hijria (639).

Muadh bin Jabal (R.A.) alishika nafasi yake, naye akafa kwa tauni hiyo hiyo. Kisha Amr bin Aas (R.A.) akawaamuru watu watawanyike milimani. Wapo waliomkemea kwa rai hiyo, ila watu walitoka, na tauni ikaondoka. Habari ilipomfikia Umar, hakuichukia.