Sentensi Moja Moja

Ndugu msomaji wa Kitaya, leo umesoma sentensi ngapi? Hata ikiwa ni moja, furahi. David Livingstone alianza hivyo.

Alizaliwa Uskochi mwaka 1813, katika nyumba maskini. Alipokuwa na miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Kazi ilianza saa 12 asubuhi, ikaisha saa 2 usiku. Juma la kwanza lilipokwisha alijifurahisha: kwa sehemu ya mshahara alinunua kitabu cha Kilatini, lugha ya wasomi. Alikiweka juu ya mashine. Kila alipopita alisoma sentensi moja, kisha akaendelea na kazi. Usiku alikwenda shule. Wewe unayetoka shambani na jembe begani unaujua uchovu huo. Mwaka 1840 alipata udaktari.

Mwaka 1866 alishuka Mikindani, akaelekea mto wenu, Ruvuma. Wenyeji walikuwa wakiujua tangu zamani. Yeye alikuwa mgeni. Njiani aliandika habari za safari. Mwaka 1871, huko Kongo, karatasi zilimwishia. Aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa mimea. Alikufa mwaka 1873. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, pamoja na maandishi yake.