Ramadhani ya mwisho ya Ibn Sina



Ndugu yangu, wewe unayefuturu kisha unameza vidonge vya kutwa nzima kwa mpigo mmoja, eti kufidia mchana, leo nakusimulia habari za mtu aliyefariki mwezi huu huu wa Ramadhani, mwaka 428 Hijria, yaani 1037.

Ni Abu Ali Ibn Sina. Alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 980. Akiwa na miaka kumi alishahifadhi Qur'ani, na hajafika ishirini akaitwa kumtibu amiri wa Bukhara. Kitabu chake al-Qanun kina sehemu tano, na mbili ni za dawa tupu. Humo aliweka masharti ya kuijaribu dawa: iwe safi, ijaribiwe kwa maradhi yasiyochanganyika, nguvu yake ilingane na nguvu ya ugonjwa, tena ujaribu kwa binadamu, maana inayomfaa farasi huenda isikufae wewe.

Sasa tazama yaliyomfika. Alikuwa safarini na Ala al-Dawla, mtawala wa Isfahan, akashikwa na msokoto wa tumbo. Akaogopa jeshi likikimbia ataachwa njiani na maradhi yake. Akataka apone upesi. Siku moja tu akajitia dawa ya bomba, ile ya njia ya nyuma, mara nane, mpaka utumbo ukafanya vidonda. Na huyu ndiye mwenye al-Qanun!

Baadaye akaagiza dawa hiyo itiwe mbegu za seleri, daniki mbili. Tabibu aliyemhudumia akatia dirhamu tano. Dirhamu moja ni daniki sita, hebu piga hesabu: thelathini badala ya mbili. Mara 15! Mwanafunzi wake al-Juzjani, aliyetuachia habari hii, hakujua kama ilikuwa kusudi au kukosea. Vidonda vikazidi. Kisha mtumishi akamjazia afyuni kwenye dawa nyingine. Hiyo ilikuwa kusudi, maana walishamwibia mali nyingi, wakamtaka afe.

Wezi niwaache. Linalonikaa moyoni ni zile dirhamu tano. Manesi wanaosomea kuandika dawa hufundishwa kuhakiki mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati kabla ya kutoa chochote. Kidonge cha kila baada ya saa nane kimepangwa hivyo kwa sababu mwili unakitoa kidogo kidogo. Ukivimeza vitatu pamoja, umejiandikia kipimo kipya bila kumuuliza mtu. Mwenye kisukari ndiyo kabisa, usihamishe sindano kwa shauri la jirani, hata jirani akiwa ni mimi. Rudi kwa aliyekuandikia, leo hii, kabla ya futari. Kuna dawa zinazoweza kubadilishwa ziwe za mara moja au mbili kwa siku.

Ibn Sina alipoona nguvu zimeisha, aliacha kujitibu. Ibn Khallikan ameandika kwamba alitubu, akatoa sadaka mali yake, akawaacha huru watumwa wake, akawa anakhitimu Qur'ani kila siku tatu. Alizikwa Hamadan, na kaburi lake lipo mpaka leo.