Matthew Wellington: Aliyeacha India akabeba mzigo wa Livingstone

WAKAZI wa Kisiwa cha Mombasa wanaovuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni hupita Kengeleni, mahali palipopata jina kutokana na kengele ya Frere Town. Kijiji hicho cha watumwa walioachwa huru kilianzishwa na wamishonari wa Kiingereza kati ya mwaka 1874 na 1875, ng'ambo ya Mji wa Kale. Huko ndiko alikofikia Matthew Wellington, mmoja wa watu walioubeba mwili wa Dkt David Livingstone kutoka bara hadi pwani.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe, naye alikuwa Myao. Alitekwa na kuuzwa angali mtoto. Manowari ya Kiingereza ilimwokoa baharini, akapelekwa Aden na hatimaye Nasik, India, katika makao ya Waafrika waliookolewa utumwani. Huko alibatizwa, akasomeshwa na kupewa jina jipya.

Mwaka 1872 vijana wa Nasik walitakiwa kujiunga na msafara wa kumtafuta Livingstone. Wellington na wenzake watano, akiwamo Jacob Wainwright, waliiacha India. Ingawa India ilikuwa ugenini, palikuwa na usalama. Walikorudi, biashara iliyowafanya watumwa ilikuwa ikiendelea. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, wakati wao wakiwa bara.

Walipofika Unguja walikuta Henry Stanley amekwisha kumpata Livingstone. Stanley akawatuma kwake pamoja na wapagazi wengine. Walimkuta Unyanyembe, karibu na Tabora, Agosti 1872, wakaandamana naye kuelekea kusini hadi kwenye vinamasi vya Ziwa Bangweulu. Mvua ilikuwa nyingi na Livingstone alikuwa mgonjwa. Alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1, 1873.

Hakuwapo Mzungu wa kuwaamuru. Chini ya uongozi wa Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa vitambaa na magome, kisha wakauchukua begani. Huko Unyanyembe ofisa wa Kiingereza, Cameron, aliwashauri wamzike papo hapo, lakini wakakataa. Mbele zaidi wenyeji walipopinga maiti kupita kwao, walijifanya wanairudisha, kumbe wameifunga upya kama robota la nguo na kuendelea nayo.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mwili ulisafirishwa hadi London na kuzikwa Westminster Abbey Aprili 18 mwaka huo. Kati ya wabebaji, Wainwright pekee ndiye aliyekuwapo mazishini. Wengi wa waliosalia walilipwa ujira wao na kutawanyika.

Wellington hakurejea India. Aliishi Frere Town miongoni mwa watu wenye historia kama yake, na baadaye akafanya kazi katika idara ya serikali ya ujenzi mjini Mombasa. Katika uzee wake alijulikana kuwa mtu wa mwisho aliyesalia wa msafara ule. Alifariki mwaka 1935, zaidi ya miaka 60 baada ya kuondoka Nasik.

Kengele ya Frere Town ingalipo, nalo jina la Livingstone linafahamika ulimwenguni kote. Chengwimbe naye anastahili kukumbukwa.