Sir John Charnley: Baba wa nyonga bandia aliyekataa kuuza tiba kabla ya wakati

KILA mwaka mamilioni ya watu duniani hulazwa hospitalini wakiwa hawawezi kutembea kwa sababu ya viungo vilivyolika, na siku chache baadaye hurejea nyumbani wakitembea kwa miguu yao wenyewe. Ndani ya nyonga au magoti yao huwa kuna chuma na plastiki. Upasuaji wa kubadilisha nyonga sasa ni jambo la kawaida, na hufanyika hata katika hospitali za Afrika Mashariki, ikiwamo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam.

Hata hivyo, ni wachache wanaolijua jina la mtu aliyeiwezesha tiba hiyo kudumu mwilini. Wachache zaidi ndio wanaofahamu kwamba kabla ya kufanikiwa aliwapasua wagonjwa wapatao 300 kwa kutumia malighafi iliyokuja kuharibika mwilini mwao. Namna alivyoyakabili makosa hayo ndiyo iliyomtofautisha na wengi waliomtangulia.

John Charnley alizaliwa Agosti 29, 1911 katika mji wa Bury, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfamasia na mama yake muuguzi. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Manchester, akahitimu mwaka 1935, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25 tu, akapata sifa ya juu ya upasuaji.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka alijiunga na kikosi cha madaktari wa jeshi. Mwaka 1940 alikuwapo wakati majeshi ya Uingereza yakiondolewa Dunkirk, Ufaransa, na baadaye akapelekwa Cairo, Misri. Huko alishirikiana na mafundi wa karakana za jeshi kubuni vifaa vya kunyooshea na kushikilia mifupa iliyovunjika. Mapenzi yake kwa karakana hayakumtoka hadi mwisho wa maisha yake.

Baada ya vita alirejea Manchester. Alikuwa mdadisi asiyeuhurumia hata mwili wake. Akiwa katika hospitali ya mifupa ya Oswestry, alimwomba daktari mwenzake ampandikize kipande cha mfupa kwenye muundi wake ili ajue jinsi mifupa inavyoungana. Kidonda kikaingia maambukizi, ikabidi apasuliwe tena. Mwaka 1950 alichapisha kitabu kuhusu matibabu ya mifupa iliyovunjika bila kupasua, kilichotumiwa na madaktari wa nchi nyingi kwa miongo kadhaa.

Lakini nyonga ndiyo iliyomkosesha usingizi. Kiungo hicho ni tufe lililo juu ya mfupa wa paja, linalozunguka ndani ya kikombe kilichomo katika mfupa wa fupanyonga. Nyuso zote mbili zimefunikwa na gegedu laini. Gegedu hilo likilika kwa uzee, ajali au baridi yabisi, mfupa husagana na mfupa, na kila hatua huwa ni mateso.

Madaktari wa kabla yake walikwisha kujaribu pembe za ndovu, vioo, chuma na plastiki ngumu aina ya akriliki. Wagonjwa wengi walipata nafuu ya muda mfupi, kisha maumivu yakarudi.

Mmoja wa wagonjwa hao, aliyewekewa tufe la akriliki, alifika kwa Charnley na lalamiko la ajabu. Nyonga yake ilikuwa ikilia kama bawaba ya mlango mkavu kila alipoinama, kiasi cha kumfukuza mkewe mezani. Wengine wangelichukulia jambo hilo kama kichekesho. Charnley aliisikia sauti ile kama dalili ya ugonjwa: msuguano ulikuwa mkubwa mno, na kila hatua ya mgonjwa ilikuwa ikilitikisa tufe hilo mpaka linalegea katika mfupa.

Aliamua kuutafutia msuguano huo dawa. Kwanza, alilipunguza tufe la chuma cha pua hadi kipenyo cha milimita 22 hivi, takriban nusu ya lile la asili, ili nguvu ya kukisokota kikombe ipungue. Pili, alitafuta plastiki inayoteleza ya kutengenezea kikombe hicho. Tatu, kwa ushauri wa Dennis Smith, mtaalamu wa malighafi za meno wa Manchester, alianza kutumia akriliki ya madaktari wa meno kama saruji. Saruji hiyo hainati kama gundi. Hujaza mianya iliyopo kati ya chuma na mfupa, kama mwashi ajazavyo nafasi kati ya mawe, ili uzito wa mwili usambae sawasawa.

Kwa upande wa plastiki, chaguo lake la kwanza lilikuwa Teflon, ile inayofahamika kwa kupakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwawekea wagonjwa wapatao 300 vikombe vya Teflon. Watu waliokuwa wakijikongoja kwa magongo waliinuka na kutembea, na sifa zake zikaenea.

Furaha hiyo haikudumu. Katika muda wa miaka mitatu hivi, wagonjwa walianza kurudi mmoja baada ya mwingine. Teflon ilikuwa ikisagika haraka. Tufe la chuma lilitoboa njia ndani ya kikombe, na vumbi lake likachochea uvimbe uliokula mifupa ya jirani.

Pigo hilo lilimwelemea Charnley. Hata hivyo, hakuwaficha wala kuwakwepa wagonjwa wake. Aliwaita, akawapasua upya yeye mwenyewe, na kila kikombe alichokitoa alikipima ili kujua kimelika kiasi gani. Aidha, alipachika chembe za Teflon chini ya ngozi ya paja lake. Baada ya miezi kadhaa chembe hizo zikawa vinundu vinavyopapasika, naye akawatangazia madaktari wenzake matokeo hayo katika jarida la The Lancet mwaka 1963.

Suluhisho lilipatikana kwa njia asiyoitarajia. Mei 1962, muuzaji mmoja alifika hospitali ya Wrightington, karibu na mji wa Wigan, ambako Charnley alikuwa amefungua kituo cha upasuaji wa nyonga katika majengo yaliyokuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mkononi alikuwa na kipande cha polithini ya aina ngumu, iliyokuwa ikitumika kutengenezea gia za mashine za viwanda vya nguo.

Charnley aliikwaruza kwa ukucha, akaiona laini mno, akaondoka zake. Lakini fundi wake, Harry Craven, bila ya kuagizwa, aliifunga kwenye mashine ya kupimia ulikaji. Baada ya wiki tatu za kusuguliwa, polithini ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Bosi aliporejea kutoka safarini na kuoneshwa, alikubali kwamba fundi ndiye aliyekuwa sahihi. Novemba mwaka huo mgonjwa wa kwanza akawekewa kikombe cha polithini.

Wengi wangekimbilia sokoni. Charnley, akiwa bado na kumbukumbu ya wale 300, alikataa. Kwa miaka kadhaa hakuruhusu kifaa chake kiuzwe ovyo. Daktari aliyekitaka alipaswa kwanza kwenda Wrightington kujifunza upasuaji wenyewe. Aliwafuatilia wagonjwa wake mwaka hadi mwaka, na baadhi yao walikubali kwamba watakapofariki dunia nyonga zao zitolewe na kurudishwa kwake zichunguzwe.

Vita yake nyingine ilikuwa dhidi ya usaha. Katika siku za mwanzo, takriban wagonjwa saba kati ya kila 100 walipata maambukizi. Charnley aliamini vijidudu vilitoka hewani, hivyo akajenga chumba kidogo cha upasuaji chenye kupuliziwa hewa iliyochujwa, na baadaye akabuni mavazi maalumu yanayofyonza pumzi ya daktari. Maambukizi yakashuka hadi chini ya mgonjwa mmoja kwa kila 100, ingawa dawa za kuua bakteria nazo zimekuja kuonekana kuwa na mchango mkubwa katika kuwalinda wagonjwa.

Heshima zilimfuata. Alipata Tuzo ya Lasker ya Marekani mwaka 1974, mwaka 1975 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi mashuhuri wa Uingereza, na mwaka 1977 akatunukiwa cheo cha Sir. Alifariki dunia Agosti 5, 1982, akiwa na umri wa miaka 70.

Polithini bado inatumika katika nyonga na magoti bandia, ingawa sasa huimarishwa kwa mionzi ili isilike upesi. Jarida la The Lancet mwaka 2007 liliuita upasuaji wa kubadilisha nyonga kuwa upasuaji wa karne.

Lakini somo la Teflon halikuzingatiwa na wote. Mwaka 2010, aina moja ya nyonga ya chuma kwa chuma, iliyokwisha kuwekwa katika miili ya makumi ya maelfu ya watu, iliondolewa sokoni duniani kote baada ya chembe za metali kuwadhuru wagonjwa. Ilikuwa imeuzwa kwa wingi kabla ya muda kuithibitisha.

Kipandikizi hupimwa kwa miaka, si kwa siku ambayo mgonjwa anainuka kitandani. Charnley aliujua ukweli huo kwa gharama kubwa, nayo ililipwa kwanza na wagonjwa wake.