Paul Janssen, munganga aliyetafuta usingizi usiotikisa moyo

Vermox ya minyoo na Imodium ya kuhara, famasia nyingi za Butembo na Beni zinazijua. Zote mbili zilitoka katika maabara ya mtu mmoja, munganga wa Ubelgiji Paul Janssen. Lakini kazi yake kubwa wengi hawaioni, sababu inafanyika mgonjwa akiwa amelala juu ya meza ya upasuaji.

Alizaliwa Turnhout tarehe 12 Septemba 1926. Baba yake, Constant, alikuwa munganga pia. Mwaka wa 1933 baba huyo alipata ruhusa ya kuuza dawa za kampuni ya Richter, kutoka Hungaria, katika Ubelgiji, Uholanzi na Kongo ya Wabelgiji. Kwa hiyo nchi yetu ilikuwa ndani ya hesabu za jamaa hiyo Paul akiwa mtoto bado. Dada yake mdogo alikufa na miaka 4 tu, kwa kifua kikuu kilichoingia ubongoni. Msiba huo haukumtoka.

Mwaka wa 1953 baba akamkopesha franga 50,000, naye akafungua maabara ndogo. Alikuwa anachukua dawa inayojulikana, anabadilisha kipande cha umbo lake, anajaribu, kisha anabadilisha tena. Alianzia petidini, dawa ya maumivu, akatafuta namna ya kuifanya iyeyuke zaidi katika mafuta ili ifike haraka kwenye ubongo. Mwaka wa 1960 ikatoka fentanili, yenye nguvu karibu mara 100 ya mofini.

Waganga wa moyo ndio waliofaidika sana. Mgonjwa wa moyo halazwi usingizi kama mtu wa ngiri: dawa nyingi zinashusha presha ghafla, na moyo uliochoka unaweza kushindwa kurudi. Mofini kwa kipimo kikubwa ilikuwa inalegeza mishipa, mgonjwa anamiminiwa serumu nyingi ili presha isimame. Mwishoni mwa miaka ya 1970, waganga wa Marekani wakajaribu fentanili nyingi kwa upasuaji wa moyo, na presha ikatulia. Maabara ya Janssen ilitoa pia etomidati, inayolaza mtu bila kuusumbua moyo sana. Hiyo nayo ilileta matata: miaka ya 1980 ilionekana kwamba ikitiririshwa kwa muda mrefu inazima homoni za tezi zilizo juu ya figo, na wagonjwa mahututi wanakufa zaidi. Ikabaki ya kuanzisha usingizi tu.

Fentanili inakata pumzi. Inataka mashine ya kupumulia, oksijeni, umeme usiokatika, na mtu mwenye kusimama pale pale. Ndiyo maana penye majeruhi wa risasi na vifaa vichache, kama Beni, ketamini inategemewa sana. Hiyo haikutoka kwa Janssen, ilitengenezwa Marekani mwaka wa 1962. Inainua presha, na mara nyingi mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Kwa aliyevuja damu ni msaada mkubwa. Kwa mzee mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, mapigo hayo ya mbio ni hatari.

Janssen aliuza kampuni kwa Johnson & Johnson mwaka wa 1961, lakini utafiti akaendelea kuuongoza. Dawa zaidi ya 80 zilitoka huko, na mfalme akampa cheo cha baron. Alikufa Roma tarehe 11 Novemba 2003, akiwa na miaka 77. Hakuona miaka ambapo fentanili ya kutengenezwa kwa siri, ile ya biashara ya barabarani, ingeua makumi ya maelfu ya watu kwa mwaka kule Marekani.