Bwana Sabine na Ukumbi Uliovuma

Wallace Sabine alizaliwa Marekani mwaka 1868. Alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Mwaka 1895 chuo kilifungua ukumbi mpya. Ulipendeza kwa macho, lakini watu hawakuelewa mwalimu alisema nini. Neno moja lilivuma kwa sekunde 5 na nusu. Maneno yakapandana. Mkuu wa chuo akamwomba Sabine atafute dawa.

Sabine alifanya kazi usiku, wakati wa kimya. Yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine. Alipiga filimbi ya kinanda, akapima kwa saa. Mito ilipoongezwa, sauti ilikufa upesi. Vitu laini humeza sauti, kuta ngumu huirudisha. Ndiyo maana redio hulia vingine katika chumba kitupu, na vingine penye godoro na mapazia.

Kumbe hata nguo zake zilimeza sauti! Sabine alitupa vipimo vingi, akaanza upya. Tangu hapo alipima akiwa na nguo zilezile.

Hesabu aliyoipata ilitumika kujenga ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900. Muziki unapigwa humo hadi leo. Sabine alifariki mwaka 1919, akiwa na miaka 50.